Tanki Halijainama, Mtani Wangu

Maskati,
Ijumaa, baada ya sala.

Kwako Mama Rehema, mke wangu, Mzaramo wangu niliyemwokota Tabora,

Salamu nakutumia nyingi, zigawe humo ndani, ila ile kubwa ibaki kwako, na moja ndogo mpe huyo aliyemo tumboni. Mgongee mlango, mwambie baba yake anamsalimia na anauliza kama nafasi inamtosha. Mimi afya ninayo, ni joto la huku tu linataka kuninyang'anya. Mchana ukitoka nje unahisi kama mtu kakufungulia mlango wa tanuri la mikate. Nyie je? Miguu bado inavimba jioni? Mgongo? Na Mayu, mama yangu, na kifua chake? Nijibu ukweli, usinijibu kwa adabu.

Barua hii anakuletea Bi Asha wa Ng'ambo hapo hapo Tabora, yule anayepikia familia moja jirani na tunapolala. Anakuja likizo. Nimeandika kwenye karatasi kwa sababu simu yako ni kitochi, picha haipiti, halafu kwenye simu hunipi nafasi. Nikisema tu "tanki", unasema "salio linaisha", wakati nimepiga mimi.

Ndani ya bahasha kuna picha mbili za rangi. Usiziangalie kwanza. Najua umeshaziangalia. Haya, zifunike, usome kwanza, maana ukianza na picha utakimbia tena na tumbo lako hilo, na mimi sitaki ukimbie.

Mwajuma, sikiliza. Nataka ujaze tanki. Hilo ndilo nimekuandikia, mengine yote humu ni sukari tu ya kuteremshia hilo.

Sasa nianze mwanzo, maana hii habari uliipata kwa vipande, na vipande vyenyewe vilikuwa vya mtu anayepiga kelele.

Unajua kazi yangu hapa. Babu zangu Wanyamwezi walitoka Tabora na mizigo mabegani mpaka pwani, mababu zako Wazaramo wakawapokea kule chini wakawacheka miguu ilivyojaa vumbi, ndiyo utani wetu ukaanzia hapo. Mimi nimewapita wote, nimevuka na pwani yenyewe, na mzigo wangu ni trei ya chai. Ofisi nzima ni mainjinia. Wanachora minara, matanki, mapaa ya vyuma. Hakuna anayeshika nyundo. Ukiwauliza spana iko wapi wanafungua kompyuta.

Humo yumo Bi Salma. Ni Mwarabu wa hapa hapa, ila bibi yake alizaliwa Unguja, kwa hiyo Kiswahili anacho, tena kile cha kwao laini, mpaka akikutuma ufute meza unaona kama umebembelezwa. Mimi nampikia chai ya tangawizi anasema imekaa kama ya bibi yake. Siku moja akaniambia, "Ramadhani, kwa chai hii nikupe nini?"

Nikamwambia, "Bi Salma, nichoree stendi ya tanki la mke wangu."

Akacheka. "Stendi gani?"

Nikamwonyesha ile picha iliyo kwenye simu yangu, ya siku tulipolipandisha, mimi na fundi mwenzangu Masanja tumesimama chini tumevimba vifua kama tumejenga reli. Unakumbuka ulivyotuambia siku ile? "Mmesimama kama mmekamatwa." Bi Salma akaniuliza vipimo, nikampigia Masanja, akaenda kupima na futi kamba wewe ukiwa kliniki. Akaniuliza vyuma ni vya aina gani, nikamwambia ni engo za mtumba, vile vyuma vya pembe tulivyovipata kwenye ghala lililobomolewa. Akasema basi atazihesabu kuwa nyembamba kidogo kuliko zilivyo, maana kutu inakula. Mtu mwangalifu sana huyo.

Sasa hiyo programu yao inafanyaje, nikueleze nilivyoelewa mimi wa darasa la nne. Anaichora stendi nzima mle ndani. Halafu kompyuta inaikata vipande vidogo vidogo, kama unavyokata mchicha. Halafu anaibebesha tanki limejaa maji, anaipigisha na upepo. Kompyuta inakwenda inauliza kila kipande: wewe umebeba kiasi gani? Na wewe? Na wewe mwenzangu? Ikimaliza kuwauliza wote inawapaka rangi. Aliyebeba kidogo bluu, anayefuata kijani, halafu njano, aliyebeba zaidi ya wote nyekundu. Kisha inakuonyesha stendi inavyoinama.

Basi siku moja adhuhuri Bi Salma aliiwasha kompyuta ikafanya hesabu, akaenda kusali, akaiacha inacheza yenyewe. Mimi nikaingia na trei.

Mwajuma, nikaiona stendi yetu. Mimi nilikata vile vyuma kwa mkono wangu, nazijua zile pembe kama ninavyokujua wewe ukinuna. Ilikuwa imelala. Yaani inainama upande wa dirisha la chumba chetu mpaka inataka kuchungulia ndani, inarudi, inainama tena, inarudi, kama mlevi anayetafuta mlango wake. Na pale kwenye maungio ya chini pamewaka nyekundu kama kaa la moto. Hakuna mtu wa kumwuliza, wote wamekwenda kusali. Mimi nyekundu naijua ni ya simama, ni ya damu. Chai ilimwagika kwenye zulia, bado doa lipo.

Ndipo nikakupigia. "Mwajuma toka! Mchukue mtoto, mtoe Mayu, tokeni nje, tanki linaanguka!"

Na wewe hukuuliza hata neno moja. Hukusema "we Mnyamwezi acha utani." Ulisema tu "natoka," na nikasikia kiatu kimoja tu kikipiga sakafu mbio.

Yaliyofuata nimeyapata kwa Masanja, maana wewe hukunihadithia. Kwamba ulimtoa Mayu na mkeka wake, ukarudi mwenyewe, na tumbo, ukafungua koki tanki lote likamwagika. Kwamba maji yalikwenda mpaka barabarani, watoto wa mtaa mzima wa Ipuli wakaoga na nguo. Kwamba Mama Neema alisimama mlangoni kwake na sufuria akasema, "Mwajuma, mumeo kaota Uarabuni, ndiyo sisi tupate gharika huku?" Na kwamba toka siku hiyo wanakuita Mama Tanki.

Bi Salma alivyorudi akanikuta nimekaa chini pembeni ya chai iliyomwagika. Nikamwonyesha kioo. Akaangalia, akaniangalia, akasema, "Ramadhani, umempigia mkeo?"

"Ameshatoka nje."

Akashika kichwa. "Subhanallah! Hiyo imekuzwa!"

Sasa hapa ndipo nataka uchukue ile picha niliyoandika MOJA kwa kalamu. Ndiyo hiyo iliyonitoa roho. Angalia pale juu kwenye kona kuna maandishi madogo. Mimi niliyapita kama tunavyopita kibao cha usitupe taka. Yanasema kuinama kwa hiyo stendi kumekuzwa mara mia tatu. Mara mia tatu, mke wangu! Ingekuwa ni pua yangu ingefika kwako, ungenifuta jasho kutoka hapo hapo Ipuli.

Nikamwuliza, "Kwa nini mnafanya hivi? Mnataka kuua watu?"

Akasema, "Tusipokuza, jicho halioni kitu. Tunakuza ili tujue inataka kwenda upande gani." Akabonyeza, akarudisha kwenye saizi ya kweli. Stendi ikasimama wima, tuli. Mimi nikamwambia, "Umeizima." Akasema, "Sijaizima. Inainama hivyo hivyo, ila kuinama kwenyewe ni unene wa ukucha wako." Nikaangalia ukucha wangu. Mwajuma, kwa ukucha huu nimewatoa nje watu watatu na nusu.

Nikamwambia, sawa, na ile nyekundu je? Nyekundu ni nyekundu!

Akasema nyekundu siyo hatari. Ni pale palipobeba kuliko pengine pote kwenye picha hiyo, basi. Hata mzigo ukiwa mdogo kama kuku, lazima kuna mahali patakuwa pa kwanza, na kompyuta itapapaka nyekundu. Hapo nikaelewa vizuri sana, maana hata darasa letu lile la watoro lilikuwa na wa kwanza. Na wa kwanza alikuwa nani? Masanja. Sasa Masanja ni profesa?

Kuna mstari wa rangi pembeni ya picha, umeandikwa namba. Bi Salma akaishika ile namba ya juu, akaiweka pale ambapo chuma chenyewe kinaanza kushindwa, pale kikipinda hakirudi tena. Akasema, "Sasa nyekundu itakuwa nyekundu ya kweli. Angalia." Akabonyeza. Stendi yote ikawa bluu, Mwajuma. Bluu kama sare ya Rehema. Pale kwenye maungio palipokuwa panawaka pakabaki kijani kidogo, kama jani limedondoka. Hiyo ndiyo picha ya MBILI. Stendi ni ile ile, maji ni yale yale, upepo ni ule ule. Zilizobadilika ni namba za pembeni.

Mimi nikafurahi nikacheka mpaka walinzi wakaja. Nikakupigia hapo hapo nacheka. Na hapo ndipo nilipoharibu.

Nayakumbuka maneno yako. Ulinisikiliza mpaka mwisho. Halafu ukasema, "Ramadhani, miaka yote tuliyokaa pamoja sijawahi kukusikia umesema kitu bila utani. Ulinitolea posa kwa utani, baba akadhani umekuja kuuza mkaa. Mama yako akiumwa unatania. Lakini sauti ile ya kwanza haikuwa na utani. Hii ya sasa inao. Mimi nitaiamini ile."

Nikasema, "Mwajuma, lakini..."

Ukasema, "Salio linaisha."

Ulinipiga penyewe. Kosa siyo lako. Mtani ni mtu wa namna hiyo, hata msibani anakuja kulala kwenye jeneza ili watu wacheke, sasa siku akisema kweli nani atajua? Na mimi ni mtani wako asubuhi mpaka jioni. Nilidhani utani ni mali. Sikujua kuna siku nitahitaji kuaminiwa nikose.

Na tangu hapo unabeba maji.

Usiniambie hubebi. Kila nikipiga nakuuliza mko salama, unasema "tuko salama tu, hofu kwako." Lakini juzi ulimpa Rehema simu wewe ukatoka nje, mimi nikamwuliza, mama yuko wapi? Akasema, "Kaenda bombani." Nikauliza, anaendaje? "Anabeba ndoo. Akifika kwa fundi cherehani anaitua, anakaa kwenye benchi anashika hapa nyuma. Fundi anamwambia apumzike. Halafu mimi namsaidia kujitwisha." Halafu akaniambia, "Baba, mama kasema nisikwambie." Usimpige. Yule ni mtoto wangu, siri haimkai.

Mwajuma, niliikata simu nikakaa. Nikaona ninavyokuona mimi kutoka huku: umesimama wima, bluu yote, tuko salama tu. Kumbe hiyo ni saizi ya kweli, saizi ambayo jicho halioni kitu. Bi Salma alisema neno siku ile, wala hakulisema kwa ajili yako, alikuwa anajieleza tu. Alisema, "Lazima tukuze, kwa sababu chuma hakilalamiki." Mimi nikaendelea kufuta meza, lakini lile neno lilinikaa. Sasa namjua mwingine asiyelalamika. Basi ukinijibu, nikuzie. Ndoo moja niambie mia tatu. Mgongo ukiuma kidogo niambie umekatika vipande. Mimi nitajua kugawanya.

Sasa tuje kwenye tanki, na hapa mtani katoka nje, anayeandika ni mume wako.

Sitaki nikudanganye kuwa picha ni kila kitu. Nilimwuliza Bi Salma, "Kwa hiyo nimwambie ajaze leo?" Akasema bado. Akanionyesha kwenye picha, chini ya ile miguu minne, kuna alama ndogo ndogo kama misumari. Akasema, "Hapa nimeiambia kompyuta kuwa miguu imeshikwa chini, haiendi popote. Kompyuta imeniamini. Lakini mimi udongo wenu sijauona. Wewe unaujua. Umeshika?"

Nikafikiria. Mitatu haina neno. Lakini ule mguu wa upande wa bafu, pale maji ya kuoga yanapotokea, pale pana matope mwaka mzima, bata wa Mama Neema wanalala hapo. Zege la pale tulimwaga jioni, saruji ilikuwa imebaki kidogo, Masanja akasema itatosha. Kwa hiyo nimeshaongea na Masanja, na nimeongea naye bila kucheka mpaka akaniuliza kama nimefiwa. Atakuja Jumamosi baada ya Bi Asha kukufikishia hii. Atachimba pembeni ya mguu ule aone zege limefika wapi. Likiwa dogo atamwaga lingine, litakaa wiki nzima likauke, tena autengenezee mfereji maji ya bafu yaende kule kwenye migomba. Saruji nimeshaipanga naye, wewe usiulize.

Zege likishakauka mjaze nusu. Nusu tu. Litulie siku mbili, Masanja aangalie miguu. Likisimama vizuri mmalizie. Na wakati linajaa usisimame chini yake, wewe kaa kwa Mama Neema umsikilize anavyojisifia kwaya yao. Mpaka siku hiyo ndoo usiishike. Nimemwambia Masanja awaletee maji kwa baiskeli kila asubuhi. Akikuletea na maneno mengi, mwambie nimesema wa kwanza wa watoro aende akasome.

Picha ya MBILI ibandike ukutani pale jikoni. Watu wakikuita Mama Tanki waonyeshe. Waambie ndiyo, na tanki langu lina picha kama ya hospitali, ya kwenu inayo? Picha ya MOJA fanya unavyotaka, ila mimi ningependa ubaki nayo. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa mbele ya picha ile, na ulivyosema "natoka" bila kuuliza, nimeshalirudia neno hilo kichwani mara nyingi mno. Mtu anaweza kuambiwa nakupenda kila siku asisikie kama nilivyosikia mimi kile kiatu kimoja.

Nisalimie Mayu, mwambie shikamoo yake naituma kwa heshima zote, na samahani ya mkeka wake kulowa. Matobolwa aliyonifungia, vile viazi vitamu vyake vya kukausha, niliyaficha chini ya kitanda, Wabangladeshi ninaolala nao wakayagundua, sasa wananiuliza hiyo miti mitamu inapatikana wapi. Nisalimie Masanja, fundi mwenzangu na shahidi wa ndoa yetu. Mama Neema jirani yetu mwema, mwambie gharika nyingine haipo, sufuria aipikie. Yule fundi cherehani wa njiani mpe salamu za pekee, mwambie mume wa Mwajuma anamshukuru kwa benchi. Rehema mbusu, mwambie baba anamletea kalamu za rangi na anamwomba bluu asiimalize.

Kuna jambo moja la mwisho naliomba. Siku ya kujaza ile nusu ya kwanza, maji yakishaanza kutoka, nibip. Mimi nitapiga. Usiseme kitu, wala mimi sitasema kitu, naapa, hata kama utani umenijaa mdomoni. Mpe tu Masanja simu aiweke pale kwenye ngazi, karibu na bomba. Mwanzo yatakuwa yanapiga chini kwenye plastiki tupu, kelele kubwa. Halafu yataanza kupoa, kadiri yanavyopanda. Nataka nisikilize mpaka yawe kimya. Yakiwa kimya nitajua nusu imefika, na nitajua umeniamini, na nitakata mwenyewe. Salio ni langu.

Mimi mume wako, mpagazi wa chai,
Ramadhani, Baba Rehema na huyo anayekuja.